Nani Alisahau?

Yusuf yuko gerezani. Wafungwa wenzake wawili wameota ndoto na yeye amewafasiria: mmoja atasulubiwa, mwingine atatoka arudi kwenye kazi yake ya kumnywesha mfalme. Kwa huyu wa pili Yusuf ana ombi dogo, lile ambalo mimi na wewe pia tungeliomba: ukifika kwa bwana wako, nitaje. Halafu aya inasema shetani akamsahaulisha, na Yusuf akakaa ndani miaka mingine kadhaa.

Akamsahaulisha nani?

Hiyo ni aya ya 42 ya Sura Yusuf, na swali si langu. Lina zaidi ya miaka elfu moja. Kiarabu chake kinasomeka kwa njia mbili. Njia ya kwanza: shetani alimsahaulisha yule mnyweshaji, akatoka jela akaendelea na maisha yake, asimtaje Yusuf kwa mfalme. Njia ya pili: shetani alimsahaulisha Yusuf mwenyewe kumkumbuka Mola wake. Kwa dakika moja nabii aliweka tumaini lake kwa mtu wa ikulu, na ile miaka ya ziada ndiyo ikawa gharama yake. Al-Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, alishika njia ya pili. Ibn Kathir wa Damascus, aliyefariki 1373, alisema hapana, aliyesahau ni mnyweshaji. Hawa si watu wa pembeni. Wote wawili ni wanazuoni ambao vitabu vyao bado vinasomeshwa hadi leo, na hakuna aliyewatoa katika dini kwa kutofautiana.

Mimi si mwanazuoni. Niliacha chuo mwaka wa pili, Kiarabu changu ni cha madrasa, na kazi yangu ni kuandika popote wanapolipa. Lakini kusoma ninajua, na nataka tuisome aya hii kama watu wa fasihi, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kinaifanyia kitu cha ajabu.

Angalia. Ile "m" ya "akamsahaulisha" haimtaji mtu. Inambeba mnyweshaji, inambeba Yusuf, inawabeba wote wawili bila kulalamika. Mfasiri wa Kiingereza anapata kidogo kama hicho, lakini sisi tunakipata bure kabisa. Tatizo linakuja neno la mbele: rabb. Ndani ya sura hii rabb ni mfalme wa Misri, na rabb ni Mwenyezi Mungu. Kiarabu kinatumia neno lile lile na hakina herufi kubwa ya kumsaidia msomaji. Mfasiri wa Kiswahili lazima achague. Akiandika "bwana wake", amemtia hatiani mnyweshaji. Akiandika "Mola wake", mkono wake umemgusa nabii. Anaweza kujificha nyuma ya "Bwana" kwa herufi kubwa, kama wanavyomwita Mungu majirani zangu Wakristo hapa Maseno, lakini ukisoma kwa sauti herufi kubwa haisikiki.

Kwa hiyo kila tarjuma ya Kiswahili ya aya hii, mwenyewe akipenda asipende, imetoa hukumu juu ya swali moja: je, mjumbe wa Mungu anaweza kukosea?

Na tarjuma tunazo. Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA Unguja, alitoa ya kwanza kamili mwaka 1923, na Waislamu waliipokea kama unavyopokea barua ya mtu anayekudai. Waahmadiya walichapisha yao Nairobi mwaka 1953, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, nayo ikazua mzozo wake. Mwaka 1969 ikatoka Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, Mzanzibari aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ambayo ndiyo utaikuta kwenye nyumba nyingi za huku kwetu, jalada limechoka. Farsy alikuwa mwalimu, na mwalimu hawezi kukuacha na sentensi isiyoeleweka. Ndiyo maana amejaza mabano na maelezo kila mahali: nani anasema, nani anaambiwa, nani anakusudiwa. Halafu kuna Ali Muhsin al-Barwani, waziri katika serikali ya Zanzibar iliyopinduliwa Januari 1964. Alikaa katika magereza ya Tanzania karibu miaka kumi, na uzeeni, akiwa uhamishoni Arabuni, akaifasiri Qurani. Fikiria mtu huyo akifika kwenye aya ya mfungwa asiye na hatia anayemwomba mwenzake akamtaje kwa wakubwa. Mimi siwezi kuisoma kurasa hiyo yake kwa haraka.

Sitakwambia kila mmoja alichagua nini. Fungua iliyo nyumbani kwenu uone.

*

Mfasiri ninayempenda kuliko wote hakufasiri hata aya moja, kwa sababu ni mtu wa kubuni. Anaitwa Kalasinga, yumo ndani ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya 1994 ambayo tangu 2022 tunaweza kuisoma kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kalasinga ni Singasinga, fundi wa magari, mdomo mrefu. Siku moja anawatangazia marafiki zake Waislamu kwamba ataifasiri Qurani kwa Kiswahili. Wanamcheka: Kiarabu hajui, na Kiswahili chenyewe anakivunjavunja. Hana shida, atafasiri kutoka Kiingereza. Nia yake ni kuwafanya wenyeji wasikie kwa masikio yao kile wanachokariri bila kukielewa.

Ni kichekesho, lakini kimewekwa kwenye kitabu ambacho chenyewe ni Sura Yusuf iliyogeuzwa ndani nje. Kijana Yusuf, miaka kumi na miwili, anatolewa na baba yake kama rehani kwa tajiri Aziz, na anaambiwa huyo ni ami yake. Yuko bustani yenye ukuta. Yuko mke wa tajiri, Zulekha, anayemtaka. Ipo kanzu inayochanwa kwa nyuma. Kila kitu kipo isipokuwa wahyi. Hakuna malaika, hakuna baba aliyepofuka kwa kulia, hakuna mfalme anayehitaji mtu wa kumfasiria ndoto. Ndoto anazo Yusuf mwenyewe na zinamtisha tu.

Wahakiki wengi husema Gurnah ameazima kisa akakijaza ukoloni na biashara ya misafara. Ni kweli, lakini naona amefanya zaidi ya hapo. Amechukua njia ya pili ya kusoma, ile ya Al-Tabari, akaipeleka mwisho wa barabara. Yusuf wake anaweza kukosea, na anakosea kwa namna ambayo ni vigumu kuisamehe: ananyamaza. Amekwenda bara na msafara, ameona watu wakifa, ameona jinsi Aziz anavyokusanya watoto wa watu kwa deni. Khalil, aliyekuja dukani kabla yake kwa njia hiyo hiyo, anamfunza jinsi ya kuishi ndani ya hali hiyo, si jinsi ya kutoka. Mzee Hamdani, mtunza bustani, alishapewa uhuru akabaki pale pale. Na kanzu iliyochanika kwa nyuma, ambayo katika Qurani inamtoa Yusuf lawamani, hapa inamsaidia kidogo tu: tajiri anaelewa hakukosea, na bado ni mali ya tajiri.

Mwisho wa riwaya unajulikana kwa ukali wake. Askari wa Wajerumani wamepita wakikamata watu, wameacha uchafu wao nyuma, na mbwa wanaula. Yusuf anawatazama na anajitambua. Kisha anakimbia kuufuata msafara wa askari.

Nilipoisoma mara ya kwanza, nakala niliyoletewa na rafiki kutoka Dar, nilifunga kitabu nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Niliona aya ya 53. Hapo, baada ya mambo yote kufichuka, kuna sauti inayosema kwamba haijitakasi, kwamba nafsi ya binadamu humvuta kwenye maovu. Ajabu ni kwamba hata hapo wafasiri hawakubaliani nani anasema. Wengine wanasema ni mke wa Aziz, na Ibn Kathir anawaunga mkono. Wengine wanasema ni Yusuf. Ni tatizo lile lile mara ya pili katika sura ile ile: tukimpa nabii maneno haya, anakuwa mtu anayejijua. Tukimpa mwanamke, nabii anabaki safi na sisi tunalala usingizi.

Gurnah anampa Yusuf. Na hapo ndipo nina ugomvi naye, pamoja na heshima yote na Nobel yake ya 2021. Anampa aibu ya aya ya 53 halafu anamnyima kinachofuata. Sura haiishii kwenye aibu. Ina miaka mingine mbele, ina ghala za nafaka, ina ndugu wanaokuja na njaa na kusamehewa. Anayesema "sijitakasi" katika Sura Yusuf anasema mlangoni, akiwa anaelekea mahali. Yusuf wa Peponi anajiona na anakimbilia kwa askari wa mkoloni. Labda ndivyo historia ilivyokuwa kwa wengi, na riwaya haina deni la kutufariji. Lakini msomaji ana haki ya kusema amebaki na kiu.

*

Sasa, kwa nini swali hili linaniuma hivi?

Nilipokuwa na miaka kumi nilimuuliza ustadh wetu, ambaye sitamtaja, kuhusu Sura Abasa. Unajua kisa: Mtume (SAW) anazungumza na wakubwa wa Makka, anatumaini watasilimu, anaingia kipofu, Ibn Umm Maktum, anayetaka kufundishwa. Mtume anakunja uso, anageuka. Na Qurani, ambayo Mtume mwenyewe ndiye anayetakiwa kuwasomea watu, inamkosoa kwa hilo. Nikauliza: kwa hiyo Mtume alikosea? Ustadh akasema mitume ni maasumu, hawakosei, kaa chini. Nikakaa chini.

Nimeshakua, najua alichokuwa anakilinda. Isma si mchezo. Waislamu wanakubaliana kwamba mjumbe hakosei katika kufikisha ujumbe. La sivyo tutajuaje kilichotoka kwa Mungu? Tofauti inaanza baada ya hapo. Mashia wengi wanasema isma ni kamili, na wafasiri wao wengi wanasema aliyekunja uso alikuwa mtu mwingine, maana aya inasema tu "yeye". Masunni wengi wanasema ni Mtume, na kwamba mitume wanaweza kuteleza katika madogo, lakini hawaachwi humo: wanarekebishwa. Adamu alisahau. Musa alimpiga mtu ngumi akafa, akatubu. Yunus alikasirika akaondoka kazini, akajikuta tumboni mwa samaki.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa zaidi na sifa kuliko visa. Maulidi ya Barzanji, Hamziya iliyotiwa Kiswahili karne zilizopita, kasida za Lamu: humo Mtume ni nuru, ni mwezi wa kumi na nne. Silaumu. Mtu akipenda anasifu, na nyimbo hizo zimebeba dini hii mabegani kuliko vitabu. Lakini sifa ina kazi yake na kisa kina kazi yake. Ukimlea mtoto kwa sifa peke yake, siku atakayoteleza hatamwona nabii hata mmoja aliyewahi kupita njia hiyo.

Kuna hadithi mbili sahihi ambazo natamani ningefundishwa mapema. Ya kwanza ni ya mitende. Mtume alifika Madina akawakuta wakulima wakichavusha mitende kwa mkono, akadokeza kwamba haoni faida yake. Wakaacha. Mavuno yakapungua. Wakamwambia, naye akawajibu kwamba mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Isome ukiwa Maseno, ambako kila mtu ana shamba la mahindi na kila mtu ana mchungaji au shehe mwenye maoni kuhusu kila kitu, na utaona uzito wake.

Ya pili ni ya mtu aliyeitwa Dhul-Yadayn, mwenye mikono mirefu. Mtume aliswalisha rakaa mbili badala ya nne akatoa salamu. Maswahaba wakubwa walikuwepo na walinyamaza kwa heshima. Huyu mwenye mikono mirefu ndiye aliyeuliza: umesahau, au swala imepunguzwa? Mtume akawauliza watu kama ni kweli, wakasema ni kweli, akarudi akakamilisha, akasujudu mara mbili. Hadi leo Mwislamu akisahau katika swala anasujudu sijda ya kusahau. Yaani dini imechukua siku ambayo mjumbe wake alisahau ikaifanya ibada. Haikuificha wala haikusema aliyesahau ni mtu mwingine.

Wapo watakaosema maneno kama haya ni hatari, kwamba ukiwashusha mitume watu watapata kisingizio. Mimi naogopa kinyume chake. Mitume walirekebishwa mbele ya watu, na marekebisho yakaandikwa. Wanaotaka isma siku hizi ni viongozi wa dini wa kawaida, wa dini zote, wasioulizwa pesa zimeenda wapi wala mtoto amefanywa nini. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilianza kufukuliwa miili iliyopita 400, ya watu waliomfuata mhubiri. Kati ya watu wote wale hakukuwa na nafasi ya mwenye mikono mirefu kuuliza umesahau.

Yule ustadh wangu, miaka kadhaa baadaye, aliswalisha Isha akasimama kwa rakaa ya tano. Maamuma nyuma tukasema subhanallah, kama inavyotakiwa, sauti za wazee na za watoto. Akakaa. Akasujudu mara mbili. Baada ya salamu aligeuka akatutazama, akasema, "Asanteni," tu. Sikumbuki hotuba yake hata moja, lakini hiyo nakumbuka.

*

Nililelewa na kukhu wangu, mzaliwa wa upande wa Mumias, ambako Uislamu ulifika na misafara ya pwani zama za Nabongo Mumia. Macho yake hayaoni vizuri sasa, kwa hiyo Alhamisi usiku mimi humsomea, Kiarabu kwanza kwa kujikwaakwaa, halafu Kiswahili cha Farsy.

Nilipoacha chuo sikumwambia. Karo ilikuwa nusu ya sababu, nusu nyingine ilikuwa mimi: mitihani niliyokosa, asubuhi nilizolala. Muhula mzima nilitoka na begi saa moja asubuhi, nikapanda boda hadi barabara ya Kisumu kwenda Busia, nikakaa karibu na mnara wa ikweta na simu yangu nikiandika makala za watu wengine. Jioni nilirudi nikamwambia masomo yanaendelea vizuri.

Alhamisi moja tukafika aya ya 42. Nikasoma, kisha nikamweleza yale ya Al-Tabari na Ibn Kathir, kwa madaha kidogo, kama mwanafunzi wa chuo.

"Kwa hiyo nani alisahau?" akauliza.

"Hawakubaliani, Kukhu. Labda mnyweshaji. Labda Yusuf mwenyewe."

Akafikiri. "Na kama ni Yusuf, alibaki nabii au hakubaki?"

"Alibaki."

"Alitoka jela au hakutoka?"

"Alitoka."

"Basi soma, mjukuu wangu."

Nikasoma hadi ya 53, ile ya kutojitakasa. Nikaweka msahafu kwenye kitambaa chake na nikamwambia habari za chuo, zote, pamoja na begi na boda. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Yule kijana wa boda aliniambia tangu Februari," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe. Haya, umalize sura, bado ndugu zake hawajafika."